Tutakubeba, Bi Mkubwa

(Hotuba mbele ya waongoza watalii, walinzi na wahudumu wa makumbusho, Unguja)

Asalaam alaykum. Hamjambo nyote. Mgeni rasmi, wazee wangu mliokaa mbele, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema, nakuoneni. Nimefundisha historia skuli miaka mingi, na mwalimu haachi kutazama madawati ya nyuma.

Kabla sijaanza nina deni. Asubuhi vijana wanne walininyanyua mimi na kiti changu cha magurudumu mpaka ndani ya ukumbi huu. Ahsanteni sana, wanangu. Mlininyanyua taratibu, hamkuniyumbisha, na mmoja wenu alinong'ona "bismillahi" kama anayebeba bakuli la mchuzi. Sina ubaya nanyi. Lakini nimekuja kusema juu ya kazi hiyo hiyo mliyoifanya, na nitaisema vibaya kidogo, kwa hiyo nimetanguliza shukrani.

Neno ninalolisikia kuliko yote nikifika mlangoni mwa jumba la kale ni "tutakubeba". Bado sijasalimia, bado sijauliza kiingilio, mtu keshakunja mikono ya shati. "Usitie shaka Bi Mkubwa, tutakubeba." Na mimi nacheka, kwa kuwa najua anayelisema analisema kwa moyo mweupe. Sisi watu wa pwani hatuna roho ya kumwacha mgeni barazani.

Sasa nikuelezeni kubebwa kukoje, maana wengi wenu mlibebwa mara ya mwisho mkiwa wachanga. Ukibebwa huangalii. Macho yako yapo kwenye vidole vya aliyeshika upande wa kulia, unamsikia wa kushoto anavyohema, unaomba Mungu wa nyuma asikanyage kanga ya mtu. Umelipa kiingilio uone dari lilivyonakshiwa, nawe unaona kidevu cha kijana. Ukifika juu huwezi kusema "ngojeni, nirudi kidogo nikakitazame kile chano". Wamekubeba bure, wanahema, una uso gani wa kuwarudisha? Basi unaitazama historia kwa mwendo wa huruma za watu.

Niliwahi kubebwa hivyo katika makumbusho moja ya mwambao. Siitaji, wala msinibane nikishuka hapa. Vijana walikuwa watatu na nusu. Wa nne alikuwa mtoto wa muuza madafu. Tulipofika kidato cha saba hivi, aliyenishika kwa mkono wa kiti akabaki na mkono wa kiti. Umechomoka! Mikono ya viti vingi vya magurudumu imetengenezwa ili ichomolewe, mtu apate kuhamia kitandani au garini. Haikutengenezwa kubebea. Anayenyanyua kiti ashike fremu, yale mabomba yaliyoungwa yasiyocheza, na kabla ya kushika amuulize mwenye kiti. Siku ile nilining'inia upande kama jahazi lililopigwa na pepo, mpaka babu mmoja mlinzi akaja kunikinga kwa bega.

Nikafika juu. Vijana wakanisalimisha chumbani, wakaenda kula. Wakachukuliwa na shughuli nyingine, kama vijana walivyo. Nilikaa kule juu karibu saa mbili, na choo kipo chini. Hilo la choo nalisema hadharani kwa makusudi. Tunaotembea kwa viti tunaanza kuacha kunywa maji tangu jana yake tukijua tunakwenda kutembelea jumba la kale. Nyie mnatuona watulivu, kumbe tuna kiu.

Lakini nitakuambieni ukweli. Katika saa mbili zile niliitazama samadari moja kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote cha makumbusho. Kitanda kirefu, miguu yake ya kuchonga kwa mashine ya kuzungusha, na chini yake kimewekwa kigazi kidogo cha mbao cha kupandia. Nikakitazama kile kigazi. Mwenye kitanda, bwana mkubwa yule, naye hakukifikia kitanda chake bila msaada. Mtu alikaa akafikiri: bwana hatafika, tumtengenezee. Hakuna aliyemwambia "tutakubeba".

Hilo ndilo lililonileta hapa. Majumba haya mnayoyalinda yalijaa vitu vya kumrahisishia mtu njia. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ndilo linalotajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi jambo hilo. Mtoto mmoja mtundu akaniuliza, "Mwalimu, kwani Sultani alikuwa hawezi kupanda ngazi?" Darasa likacheka. Nikamjibu, "Alikuwa anaweza, lakini yeye ni Sultani." Nikajiona nimejibu vizuri. Na mlango wake mkubwa, hadithi tunayowasimulia wageni, eti ulifanywa mpana ili Sultani apite juu ya tembo. Sijui kama tembo aliwahi kupita. Ninachojua ni kwamba hadithi hiyo tunaisimulia kwa fahari, lakini jumba lilipokuwa wazi tulikuwa tukifungua upande mmoja tu wa mlango, na kiti changu cha sentimita 65 kikikwama.

Kuna lingine ambalo sikulitilia maanani mpaka nilipokaa kwenye kiti. Sayyid Said bin Sultan mwenyewe, huyu aliyehamishia makao yake hapa kutoka Maskati, alikuwa anachechemea. Binti yake, Sayyida Salme, ameandika kwamba baba yake alipigwa risasi vitani, ikabaki pajani, ikawa inamuuma na kumzuia mwendo. Kule Beit el-Mtoni, kasri lake, kulikuwa na kibanda kikubwa cha duara kinachotazama bahari, wakikiita benjile, na huko ndiko mzee alikokuwa akienda huku na huku, kichwa kainamisha, akiwaza. Mtu anachechemea mbele ya bahari, na dola nzima inamsubiri aamue. Nimewasikia waongozaji wengi wakieleza Mtoni, wakataja wake, wakataja watoto, wakataja farasi na mabafu. Mguu wa mzee sijamsikia mtu akiutaja. Utajeni. Mgeni mwenye fimbo atakayesimama pale siku hiyo atakuelewa kuliko wote.

Tuje kwenye milango, maana hapo ndipo kazi ilipo, na haina gharama kubwa kama mnavyodhani.

Mlango wetu wa kuchonga una pande mbili, na mfaa unasimama katikati kuficha ule mwanya. Kila siku tunafungua upande mmoja kwa mazoea, wa pili una komeo chini, komeo limeshika kutu, na aliyelifungua mara ya mwisho keshastaafu. Lipake mafuta. Hiyo ndiyo rampu ya kwanza ya makumbusho yoyote ya Mji Mkongwe: chupa ya mafuta ya cherehani. Ukifungua pande zote mbili napita mimi, anapita mama na kigari cha mtoto, na tembo akitaka aje.

Kisha kizingiti. Waliojenga walikiweka kirefu, na walikuwa na sababu zao, maji ya mvua na vumbi la njiani. Sikuambieni mkikate, atakayekata kizingiti cha mlango wa kale nitamshitaki mimi mwenyewe. Lakini kuna hesabu ndogo ambayo fundi yeyote anaijua. Kila sentimita moja ya kupanda, uipe sentimita 12 za kwenda mbele. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka ubao wa sentimita 180, yaani chini ya mita mbili. Ubao wa namna hiyo unaegemezwa ukutani, mgeni akija unalazwa, akiondoka unasimamishwa. Hakuna msumari unaogusa jengo, na mhifadhi akija kukagua hakuti hata alama. Ila msiulaze wima kama ubao wa kupakilia magunia bandarini. Nimeshawekewa ubao wa hivyo, na mwenyeji akasimama kando akisema "haya, panda", kana kwamba mimi ni mbuzi.

Na mlango wa nyuma. Hapa nitatofautiana na wenzangu wengi wa viti. Wao wakiambiwa wazungukie nyuma wanaona wamedhalilishwa, na katika nchi zao wana haki. Mimi ni mwanamke wa Kiswahili, nimekulia kwenye nyumba ambayo wageni wa mama yangu wote waliingilia uani. Barazani ni kwa wanaume na wadai. Shoga yako, jirani yako, mtu wa karibu, anapitia uani na anakuta jiko linawaka. Kwa hiyo mkiniambia "Bibi, pitia uani, huko hakuna ngazi", sinuni. Ninachonuna ni nikifika uani nikakuta kufuli, na mwenye ufunguo kaenda kuswali, na baada ya kuswali kapitia kahawani. Kama mlango wa uani ndio mlango wangu, basi na uwe mlango: uwe na kibao, uwe na mtu, na ufagiliwe. Mapipa ya taka yana miguu? Mbona kila mwaka nayakuta yamejipanga njiani kwangu?

Halafu semeni kweli kwenye simu. Mimi hupiga simu kabla ya kwenda popote. "Samahani, hapo kwenu kuna ngazi?" Najibiwa: "Kidogo tu." Wallahi neno "kidogo" limenitesa kuliko ngazi zenyewe. Kidogo ya mtu mmoja ilikuwa vidato vitatu. Kidogo ya mwingine ilikuwa kumi na nne, vya kuzunguka, na ukuta umeshika upande mmoja. Mwenye miguu hahesabu vidato, na simlaumu, nami nilikuwa hivyo hivyo. Basi nakuombeni mfanye jambo moja la kitoto kabisa. Kesho asubuhi kabla wageni hawajaja, mchukue futi, mpime. Mlango una upana gani, kizingiti kina kimo gani, vidato vingapi mpaka chumba kipi, choo kiko wapi na mlango wake upana wake nini. Mwandike kwenye karatasi moja, mwigandike karibu na simu. Atakayepiga asomewe. Nikisomewa "juu hufiki, lakini chini kuna vyumba vitatu na ua", nitakuja kwa furaha kuona vyumba vitatu na ua. Niliyoyataka ni kuamua mwenyewe nikiwa nyumbani, kabla sijalipia teksi.

Mnajua nani alinifundisha njia za Mji Mkongwe? Hakuwa mwongozaji, mnisamehe. Alikuwa hamali wa mkokoteni. Nilipoanza kutoka na kiti nilikuwa nakwama kila kona, mpaka siku moja nikamfuata hamali aliyebeba mifuko ya saruji. Anayesukuma gari la magurudumu mawili hana anasa ya kupita penye vidato. Akaniambia kichochoro kipi kina mteremko laini, wapi sakafu imetitia, wapi maji yanatuama baada ya masika. Mkitaka ramani ya mji huu kwa mtu wa kiti, msiagize mtaalamu kutoka mbali. Mwiteni hamali, mumlipe siku yake, mzunguke naye.

Mchangani nako kuna ujuzi wake. Maruhubi, kwenye nguzo za jumba la Barghash lililoungua 1899, hakuna ngazi ya kunizuia, lakini magurudumu madogo ya mbele yanazama kama kisu kwenye siagi. Dawa yake ni kumgeuza mtu, umvute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Mwongozaji mmoja kijana alilijua hilo bila kuambiwa. Alinivuta kinyumenyume huku akinieleza historia ya nyuma yangu, kisha akanigeuza taratibu mbele ya zile nguzo kama anayefunua pazia. Nimeshazunguka kidogo duniani, sijaonyeshwa kitu kwa uzuri namna ile.

Nimesema nimezunguka. Mpwa wangu anaishi Maskati, akanichukua kwenye Makumbusho ya Taifa ya Oman, yale yanayotazamana na kasri la Al Alam. Yamefunguliwa kwa umma 2016. Nikaingia kwa mlango ule ule wa wote, nikapanda lifti, nikatembea peke yangu mpaka mpwa wangu akanipotea, na huko kupotea kulinifurahisha kuliko vitu vyote vya kwenye makabati ya vioo. Kuna na maandishi ya nukta nundu ya Kiarabu kwa wasioona. Mlinzi mmoja aliponisikia nikiita jina la mpwa wangu kwa lafudhi yetu, akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu. Mtu atasema, lile jengo ni jipya, si sawa na letu. Kweli. Basi nitazameni Athens, mwamba wa Akropolis, majengo ya karne ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mwaka 2020 Wagiriki waliweka lifti mpya ubavuni mwa mwamba ule. Walitengeneza na njia za zege kule juu, na hizo zililalamikiwa sana na baadhi ya wataalamu wao, nadhani kwa haki kiasi. Wamegombana, lakini wamegombana wakiwa na mtu wa kiti kule juu, naye anatoa maoni.

Sheria tunazo, sitakuchosheni nazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja makumbusho kwa jina. Inapofika kwenye majengo ya kumbukumbu na maeneo ya urithi, mkataba unasema tuyafikie "kadiri iwezekanavyo". Maneno mawili hayo yana mlango mpana kuliko wa Barghash, visingizio vinapita na tembo wao. Nikiulizia rampu naambiwa Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, hauguswi. Lakini mtambo wa kupooza hewa umetundikwa kwenye ukuta huo huo, na nyaya zake zimetobolewa hapo hapo. Urithi wa dunia unaguswa kumbe, inategemea nani anasikia joto.

Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu siku ya tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Linasubiriwa lirudi. Nakuombeni nyinyi mlio karibu na wakubwa muwaulize swali moja tu: lifti iko wapi kwenye mchoro? Lisiwe ombi la watu wenye ulemavu. Uliza kama mwanahistoria. Jumba lililosifiwa kwa lifti likirudishwa bila lifti, hilo halikurudishwa, limepunguzwa.

Nina la kuungama hapa. Kabla ya 2008, wakati bado natembea, niliwapeleka wanafunzi pale mara nyingi. Chini uani kulikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Tukishautazama nilikuwa napiga makofi mawili, haya, juu! Katika darasa moja alikuwemo kijana ambaye mguu wake mmoja ulipooza, akitembea kwa gongo. Nilimwambia akae chini atulindie mikoba. Nilijiona nimemfikiria. Tuliporudi baada ya saa nzima alikuwa amekaa pale pale, mikoba ameipanga kwa safu, mkubwa mpaka mdogo. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mwalimu, juu kuna nini?" Nikamwambia tutachelewa basi, nitakueleza darasani. Sikumweleza. Leo ni mtu mzima, tunaonana sokoni, ananiamkia kwa adabu, nami kila nikimwona najua jibu lake bado ninalo mimi.

Nisiwaache mkidhani kiti ni hasara tupu. Tazameni miimo ya milango yetu. Mgeni anayesimama anatazama juu, kwenye maandishi na maua, na mwongozaji naye anaonyesha juu. Mimi macho yangu yapo chini zaidi, karibu na pale mwimo unapoanzia, na milango mingi hapo chini ina samaki. Magamba yake mengine yamelika kwa mikono na nguo za waliopita, mengine bado makali. Siku moja nikawaza: aliyechonga hakusimama. Mchongaji wa nakshi huchonga amekaa, ubao umelala mbele yake. Kwa hiyo mimi ndiye ninayeutazama mlango kwa kimo kinachokaribia cha fundi. Mkipata mgeni wa kiti muonyesheni samaki. Na nyinyi wenyewe chuchumaeni siku moja muwaone, na mkiwa mmechuchumaa hapo hapo, mtazame na makabati yenu ya vioo. Mtaona nusu ya vitu mlivyovipanga havionekani, na maelezo hayasomeki kwa mng'ao wa taa.

Muda wangu umekwisha, naona mshereheshaji anashika saa yake. La mwisho. Asubuhi wakati vijana wangu wanahangaika kunigeuza pale mlangoni, mimi nilikuwa na futi mkobani, nikapima. Kizingiti cha ukumbi huu kina sentimita 11. Kinataka ubao wa sentimita 132. Na nyuma ya jukwaa hili, pale kwenye pazia, kuna ubao umeegemezwa, mpana, mzito, nadhani ni wa meza ya zamani. Nimeukisia kwa macho, unazidi mita moja na nusu. Naomba wawili kati ya wale wanne waulete mlangoni, na mwingine alifungue lile komeo la upande wa pili, nimeona si gumu sana. Chai inaandaliwa nje, nami nataka kutoka wa kwanza.